Baba Ameuachia Mlango

Windward,
Carriacou.
9 Novemba

Mpendwa kaka Elwin,

Natumaini baridi ya Brooklyn haijakugandisha na goti limepona. Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, na safari hii siandiki hivyo kwa mazoea.

Bati jipya lilipigiliwa mwezi jana, nikadhani shida ya Baba imekwisha. Wapi! Kila mvua ikigonga bati, anaacha alichoshika na kwenda kuukingia mlango mgongo, kama siku ile ya tufani, alipouzuia mpaka ukang'oka na kumwangukia. Hata jua likiwaka alikaa palepale. Chakula nilimpelekea mlangoni, na tezo lake la kuchongea mashua likashika kutu. Nilimgombeza, Elwin, naona aibu kukwambia. Nilimwambia aache utoto, tufani ilishapita.

Muuguzi anayezunguka kijijini alinisikia. Akanieleza taratibu kwamba si utoto, wengi hapa wako hivyo, mwili bado unaungoja upepo. Ndipo nikakubali umkatie tiketi aje kwako, ingawa nilijua akiondoka kisiwani hapa harudi tena.

Jumamosi tukawaandalia marehemu wetu karamu, ya kwanza tangu tufani. Shangazi Verlyn alisonga ugali wa mahindi na bamia, sahani ya wazee waliotutangulia ikawekwa mezani na ramu yake. Unaikumbuka sheria ya marehemu Bibi: sahani ikiwa mezani, mlango haufungwi, ili wazee waingie kula. Mara mvua ikashuka. Watu wakakimbilia ndani, Baba akaubamiza mlango na kuuegemea, jasho linamtiririka.

Shangazi akamsogelea. "Cuthbert, umewafungia wazee nje. Mama analowa huko."

"Nikiachia, paa linaondoka."

"Basi nipishe tushike wote. Mimi tangu tufani ya Julai nalala na viatu, wewe unadhani napenda?"

Jirani yetu Theophilus naye akadakia, "Afadhali viatu. Mimi nikisikia blenda ikivuma naingia chini ya kitanda. Mke wangu kasahau juisi."

Baba akacheka. Nilikuwa nimeusahau ule mcheko. Akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Kumbe na nyinyi?" Kisha akalia mbele ya watu, nasi tukalia naye. Alipomaliza akajifuta uso, akageuka, akaufungua mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Mvua bado inamtisha, nisikudanganye. Ila sasa anakaa kitini na kusema wazi kwamba anaogopa, na Shangazi huja kukaa naye. Jana alinoa tezo. Moyo wangu umetua, kaka.

Kwa hiyo tiketi ya Baba iache. Kata yako.

Shangazi Verlyn anakusalimu, na Theophilus pia. Wabusu watoto. Mungu awafunike huko mliko.

Ninapoandika hapa mvua inanyesha, mlango uko wazi, sakafu imelowa chapachapa. Baba anasema ukija usisahau kuleta tambara la kupigia deki.

Dada yako anayekupenda na kukungoja,
Jossine