Roketi ya Baba Iliyobaki Chini

S.L.P. 41,
Harlan Springs,
Kansas.
29 Oktoba 2019

Mpendwa Shangazi Karin,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu huko Alaska, wewe pamoja na Anko Leif, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu uanguke. Mama anasema kwenu theluji imekwisha kushika. Kwetu hakuna theluji wala mvua, na malisho yamekauka hata ng'ombe wanalishwa majani ya ghalani. Mimi ni mzima na masomo yanaendelea.

Baba si mzima. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu atakwambia yuko vizuri, kisha atakuuliza habari za samaki. Mtungi wa oksijeni sasa hauachi mchana wala usiku, na ngazi za kushuka karakanani amezikatia tamaa. Daktari alimwambia Mama asitegemee sana Krismasi. Mama alinieleza tulipokuwa tukiosha vyombo, na sote wawili tukaendelea kuosha.

Unaijua ile roketi kubwa aliyoianza baada ya wewe kuhama, ile inayonipita kwa urefu. Tumeijenga majira matatu ya baridi, na tangu Mei amekuwa akikaa kitini na kunielekeza. Hajaomba kitu kingine mwaka huu ila kuiona ikipaa. Tulipanga kuirusha Jumamosi iliyopita, malishoni kwa Bibi Wilma Schrag.

Haikuruka, Shangazi, na kosa ni langu. Nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa mtu mwingine.

Labda hukusikia habari za ndama. Miaka miwili iliyopita roketi ya mwanachama mmoja wa klabu yetu ya roketi ilipotea, na kipande chake kikaingia kwenye majani makavu ya Bibi Wilma. Ndama wawili walikila wakafa. Bibi alitaka kutufungia lango kabisa. Baba ndiye aliyekwenda kumtuliza, akamwandikia kanuni kwa mkono wake: roketi ambayo kifaa chake cha GPS hakisikiki hairuki, iwe ya nani.

Kifaa chetu kinakaa ndani ya pua ya roketi. Nilikijaribu karakanani mwezi wa Septemba, kikafanya kazi vizuri. Wiki iliyopita nikaipaka pua rangi ya fedha bila kumwambia Baba. Macho yake huchoka haraka siku hizi, nami nilitaka kitu kitakachong'aa juani ili aweze kuifuata kwa mbali. Sikukijaribu kifaa tena baada ya kupaka.

Siku ile tulifika mapema. Kina mama walikuwa wameleta chili na mikate ya mdalasini, na Baba alikula nusu mkate, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi. Bwana Dwight Pokorny, ambaye alichukua kazi ya usimamizi wa usalama Baba alipoiacha, aliizunguka roketi mara mbili.

"Linnea, hii unairusha au unaiozesha? Imepambwa kuliko bibi harusi!"

"Mwache binti yangu, Dwight," Baba akamjibu. "Yako ya mwaka jana ilipakwa kutu."

Watu wakacheka, na Baba akacheka mpaka akakohoa. Kisha nikawasha kipokezi, nacho kikaonyesha setilaiti sifuri.

Nilifanya kama nilivyofundishwa, jambo moja kwa wakati mmoja. Nilibadilisha betri. Nilikaza waya wa antena. Nilibadilisha masafa, nikidhani tunagongana na kifaa cha jirani. Bado sifuri. Nikakitoa kifaa nikakiweka juu ya boneti ya gari letu, na baada ya dakika tatu kikapata setilaiti tisa. Nikakirudisha ndani ya pua, zote zikapotea. Hapo nilikumbuka maneno kwenye kopo la rangi: ina unga wa alumini. Nilikuwa nimekifungia kifaa ndani ya ganda la metali lisilopitisha mawimbi, kwa mkono wangu mwenyewe.

Ruhusa yetu ya kutumia anga ilikuwa inakwisha saa tisa alasiri, na ilikuwa imeshagonga saa saba. Bwana Pokorny alikuja na ubao wake wa maswali. "Haya, mabwana na mabibi harusi. Pua inasikika?"

Baba alinishika kiwiko. "Sema ndiyo," aliniambia kwa sauti ya chini.

Shangazi, sijawahi kumsikia Baba akisema neno kama lile. Nilimtazama, naye hakunitazama. Alikuwa akiitazama roketi.

"Haisikiki, Bwana Pokorny," nikasema. "Nimeiharibu kwa rangi. Nipe muda niikwangue."

Bwana Pokorny hakutania tena. Alikwenda garini kwake akaleta msasa, naye akapiga magoti upande wa pili. Tulikwangua mpaka vidole vikatoka damu. Upepo ulianza tukiwa nusu, na saa nane na nusu ulipita kiwango kinachoruhusiwa, uwanja ukafungwa. Tukarudi nyumbani. Mama aliwasha redio, kisha akaizima.

Jumapili nzima Baba hakutoka chumbani. Jana asubuhi aliniita akaniambia nimletee pua kitandani, pamoja na msasa mwembamba. Alikwangua rangi iliyobaki yeye mwenyewe, kidogo kidogo, akipumzika kila baada ya muda. Ilimchukua mpaka jioni. Tulipokiweka kifaa ndani na kuisimamisha pua dirishani, tulipata setilaiti kumi na moja.

"Ile kanuni niliiandika mimi," alisema akitazama kipokezi. "Nashukuru kuna mtu mwenye akili aliyeisoma."

Siku inayofuata ya kurusha ni Jumamosi tarehe 16 Novemba. Daktari hakutuahidi tarehe hiyo, na Baba haiulizi. Lakini jana kabla ya kulala aliijaza ile kadi tunayompa msimamizi kabla ya kila roketi kurushwa. Kwenye mstari wa mrushaji, ambapo miaka yote huandika jina lake, ameandika langu.

Kwa kuwa sijafikisha miaka kumi na minane, lazima mtu mzima mwenye cheti cha kurusha roketi kubwa asaini chini yangu na asimame nami. Bwana Pokorny amejitolea, na nimemshukuru. Baba amesema nikuulize wewe kwanza, kwa sababu cheti chako ulikipata pamoja naye, siku ileile, uwanja uleule. Mstari wa sahihi hiyo nimeuacha wazi. Ukiweza kuja kabla ya tarehe hiyo, Shangazi, njoo mapema.

Mama anakusalimu sana. Msalimie Anko Leif, na binamu zangu Sigrid na Anders. Mungu akulinde njiani ukija, na akulinde nyumbani ukishindwa.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja,
Linnea Hultgren