Mngurumo Uliofutwa

Newala, Jumamosi

Sauti zote za helikopta yangu zilipotea jana, shemeji Hamisi alipoazima flashi yangu akaifuta ili ajaze nyimbo za unyago wa bintiye.

Ni helikopta ya kuigiza, ya kurusha kwenye kompyuta, sawa, lakini geji za mafuta na mwinuko nilizitengeneza mwenyewe. Hizo zipo. Mngurumo niliurekodi kijijini Makote, kwenye mashine ya kupulizia salfa mikorosho. Sasa msimu umekwisha, mashine zimefungiwa stoo.

Jumatatu naionyesha chuo cha ufundi Masasi. Wakiridhika, napata kazi. Nani ataajiri fundi wa helikopta bubu?

“Si kelele tu, shemeji? Twende wote, nikakungurumie!” Hamisi alinicheka mbele ya wageni. Kisha eti huenda alizihamishia kwanza kwenye simu yake, ataangalia.

Ataangalia lini? Kesho saa mbili asubuhi, kabla hajapanda basi la Tandahimba, anijibu: zipo au hazipo?