Kigogota wa Mwaka wa Kumi

2 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Mguu vipi? Bado wamekufunga plasta kama nguzo ya nyumba? Mama anakusalimu, anasema mtu wa miaka sitini kupanda mti akimfuata ndege ni utoto. Nimekutetea, lakini kidogo tu. Huku wote wazima, ila mimi nina ugonjwa wangu uleule: siwezi kukaa.

Kamera imefika. Nimeijua kwa siku moja, na kile kitabu chake cha maelekezo sijakifungua. Mimi niliishia darasa la saba, na ndege hawaulizi cheti. Kigogota wako na mkewe wamerudi kwenye lile gogo kavu lililosimama nyuma ya karakana yetu. Wametoboa tundu jipya, na nimesikia makinda ndani, sauti tatu. Miaka tisa umepiga picha kinda la kwanza likiruka. Ya kumi napiga mimi, na itazifunika zako zote. Jiandae kuona wivu.

Mpwa wako,
seremala mwanafunzi, bingwa wa kamera

6 Agosti

Mpwa wangu, marahaba.

Mguu unawasha ndani ya plasta, naukuna kwa sindano ya kufumia ya binti yangu. Dirisha la chumba alichonipa linatazama ukuta. Nimeshahesabu matofali yote, sasa nahesabu nyufa.

Sikiliza, bingwa. Kaa hatua thelathini kutoka kwenye gogo. Ukichoka, choka ukiwa umekaa hapohapo. Nataka picha moja tu, ya kinda likitoka, na wenyewe wasijue kama upo. Ukiweza, kamera ni yako na mwakani tunatembea wote. Ukishindwa, irudishe kwa basi, tusipotezeane muda.

Mjomba wako

11 Agosti

Mjomba, shikamoo, na kaa chini kabla hujaitoa picha kwenye bahasha.

Umeiona? Dume huyo, mzima mzima, hatua nne tu! Sio thelathini zako za wazee. Hesabu manyoya ya kichwa, yalivyosimama mekundu kama moto. Fundi mkuu kaibandika ukutani juu ya meza ya randa, na wateja wanauliza kapiga nani. Nasema, "Huyo hapa, mwangalieni vizuri." Siri ya kumleta karibu siitoi, wewe ni mshindani wangu.

Hii ni ya kuanzia tu. Ya kinda inakuja.

Mpwa wako, aliyekupita

15 Agosti

Mpwa wangu, marahaba.

Nimeitazama picha tangu jana. Ni nzuri sana, na imeninyima raha. Kivuli ni kifupi, kwa hiyo ilikuwa karibu na saa sita. Saa hiyo baba mwenye makinda anabeba chakula, lakini huyu mdomo mtupu. Manyoya yamesimama. Wala halitazami tundu, anatazama chini, kwako. Hapo anatafuta adui.

Ulimgongea nini?

Mjomba wako

28 Agosti

Mjomba, shikamoo. Natumaini plasta wameitoa.

Barua yako niliificha kwenye boksi la misumari siku tano. Halafu nikakuandikia uongo kurasa mbili, uongo mtamu kweli, nikauchana.

Nilimgongea. Ubao mkavu na mpini wa patasi, trrrr, kama anavyogonga yeye. Akaja mbio kama mwenye nyumba aliyesikia mwizi. Nikacheka, nikagonga tena. Siku nne, kila mapumziko ya chakula. Yeye akawa anazunguka gogo kumsaka mgeni, na mke ndiye akabaki analisha peke yake. Sauti zikawa mbili. Sasa nasikia moja.

Sikujua, mjomba. Hapana, siku ya tatu nilijua. Nikaendelea kwa sababu nilitaka picha nyingine.

Sasa nakaa hatua zako thelathini, nimezipima kwa futi. Fundi mkuu akipigilia misumari naruka. Nimemwomba ahamie uwani mbele. Kasema, "We kijana, siku hizi unaajiriwa na ndege?" Lakini kahama.

Kamera niirudishe sasa? Nasubiri jibu lako, ila unajua ninavyosubiri.

Mpwa wako

6 Septemba

Mjomba, shikamoo. Hujajibu. Mama anasema unaendelea vizuri, kwa hiyo najua hujajibu kwa makusudi.

Limeruka leo. Lilitoa kichwa, likarudi, likatoa tena. Kamera ilikuwa shingoni. Nilipokaa, tawi la mti wa jirani lilikuwa limeziba katikati, ningepiga majani matupu. Kulipata vizuri ilibidi nisogee hatua kumi. Dume alikuwa juu ya gogo na funza mdomoni, akanigeukia. Nikaona nikinyanyuka tu, atauacha ule mlo aje kunikabili. Basi nikaikalia miguu yangu, yote miwili, mpaka ikafa ganzi. Akashuka, akalisha. Kinda likajiachia.

Sina picha. Na anayekwambia ni mimi, mtu ambaye nikisema mvua inanyesha, mama anatoa mkono dirishani kuhakikisha. Usiponiamini sitakulaumu. Kamera iko kwenye basi la kesho.

Mpwa wako

13 Septemba

Mpwa wangu, marahaba.

Kamera nimeipokea. Sikujibu kwa sababu nilikasirika, na mwenye hasira asishike kalamu, angalau mimi nisishike.

Niandikie haya: liliruka saa ngapi, lilielekea wapi, na lilikuwa dume au jike. Usipambe. Nataka kuujaza mwaka wa kumi kwenye daftari langu la ndege.

Mjomba wako

17 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Saa moja na dakika arobaini asubuhi. Lilielekea kwenye tangi la maji, likakosea kutua, likashika ukingo kwa kucha, likapanda.

Dume au jike sijui. Nilitazama sana, na sijui.

Mpwa wako