Mkono Uliolala

Tarehe 4 Machi

Kwa binti yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na karakana inakwenda. Natumaini na wewe hujambo huko kwenye mafaili yako. Najua ungependa tuongee kwa simu, lakini tangu msumeno wa mashine uniharibie masikio, simu naisikia kama nyuki ndani ya kopo. Barua inanitosha.

Juzi nimepata kichekesho. Nilikuwa napiga randa, mkono wa kulia ukalala, randa ikaanguka. Mwalimu aliyeagiza kabati akanisogelea sikioni akauliza, "Fundi, kabati lini?" Nikataka kusema kesho, kikatoka kigugumizi tu. Akacheka: "Leo fundi amekosa hata uongo." Baada ya robo saa kila kitu kikarudi, nikaendelea na kazi. Ni uzee huo unabisha hodi.

Baba yako

Tarehe 9 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila barua yako imefika leo na imeniondolea raha.

Hapa kwenye kituo cha utafiti mimi ni karani tu, lakini fomu ninazopanga ni za watu waliopata kiharusi. Wengi wameeleza hayohayo: mkono ulilala, maneno yakapotea, kisha yakarudi, wakapuuza. Nimempelekea daktari wa kituo barua yako. Hakucheka. Akasema, "Mshipa wa ubongo uliziba, ukazibuka. Unaweza kuziba tena, na siku za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Aende hospitali leo, hata kama anajiona mzima."

Sisubiri posta. Nimeshampigia jirani yako, yule mama fundi cherehani. Nakuomba usibishane naye.

Binti yako

Tarehe 20 Machi

Baba,

Shikamoo. Unaendeleaje? Fundi cherehani ananiambia umepasuliwa shingo salama, unakula, unatembea hadi dirishani. Nimeshukuru sana.

Lakini anasema pia kwamba umekataza nisije, na karatasi aliyokupelekea uniandikie umeirudisha tupu. Nimekukosea wapi?

Binti yako

Tarehe 26 Machi

Mwanangu,

Nakusalimu. Jeraha limefunga, na mkono unashika kalamu, mwandiko unauona mwenyewe.

Siku ile sikutaka kwenda. Jirani alikuja na tepu yake ya kupimia shingoni, akachukua karatasi ya kukatia nguo, akaniandikia: "Binti yako analia kazini. Vaa viatu." Nikavaa. Presha ilikuwa juu mno. Picha ya kichwa ikaonyesha makovu madogomadogo, viharusi ambavyo sikuwahi hata kuvihisi. Na mshipa mmoja wa shingo ulikuwa umebakiwa na tundu la sindano. Wakausafisha kabla wiki haijaisha. Sasa nameza dawa kila asubuhi.

Hukunikosea. Daktari wa hospitali aliponiandikia dalili za kiharusi, nilimkumbuka mama yako. Yeye naye alisema mkono umelala. Nikamwambia, "Umechoka na kufua, kapumzike." Hakuamka. Na wewe unafanya kazi mahali panapochunguzwa kiharusi. Nikasema moyoni, huyu mtoto amelijua hili miaka yote na hajanitamkia. Nikaona aibu kukutazama usoni.

Baba yako

Tarehe 31 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za ofisi. Nimelia, kisha nikasikia njaa, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

Siku ile ya mama nilikuwa na miaka kumi na minne. Mimi ndiye niliyemfungia pazia apate usingizi. Nikawafukuza watoto wa jirani wasimpigie kelele. Nimekaa na jambo hilo peke yangu, nikidhani wewe hujui, na ndiyo sababu niliomba kazi hapa. Nilipomsimulia daktari wetu wa kituo aliniambia, "Nani alikuwa amewafundisha?" Hakuna, baba. Hakuna aliyetufundisha, si wewe wala mimi.

Leo wamenipima presha, iko sawa. Jumamosi nakuja, ukatae usikatae, na nitakaa wiki mbili. Usihangaike kunitandikia kitanda. Kaa tu mlangoni nikuone ninapofika.

Binti yako