Kwa Nini Panaitwa Mnarani

Mume wangu mdogo Shija,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Jirani Rehema anayeniandikia naye anakusalimu. Sisi wazima, mbuzi mweusi kazaa, goti langu ndiyo hivyo hivyo.

Umeuliza kwa nini pale kivukoni Ugala panaitwa Mnarani na mnara hakuna. Ulikuwepo, wa magogo ya mninga, na juu yake chemli ya kuonyesha mitumbwi pa kuegesha. Mzee wa kivuko ndiye aliyeiwasha miaka yote, mtu mkali huyo, hata salamu alikuwa anaibania. Tulipohamia kijiji cha ujamaa, mwenyekiti akasema taa sasa ni yetu sote. Basi kila mtu akajua mwenzake katia mafuta.

Ikafika siku babu yako anamrudisha mama yako, mtoto mchanga, kutoka zahanati ya ng'ambo. Mto umejaa, giza limeingia, taa haiwaki. Akipitiliza pale, mbele ni matete na viboko. Nikakimbia na kibatari changu mpaka majini. Mama Kulwa akaja na chake, akaniambia, "Sogea, hako kako kimulimuli." Wakaja na wengine, ukingo wote ukawaka.

Babu yako akatua, akanipa mtoto, akasema, "Kwa taa hizi nilidhani nimefika Tabora mjini."

Mafuriko ya mwaka uliofuata yaliubeba mnara, hatukuujenga tena. Ila mpaka daraja linakuja, jua likizama ulisikia mlango kwa mlango: "Leo zamu ya nani?"

Bibi yako,
Nyamizi