Nyanya Alipotaka Mbuzi

Marahaba, Mwanasha, na la, bibi yako hajaugua. Unasema tangu umchukue akapumzike kwako Nairobi hataki kula, kutwa anatazama ukuta. Daktari mwache kwanza, unisikize mimi. Huku Msambweni sote tu wazima. Wageni wa Diani wamepungua, lakini kofia za ukili bado ninawauzia kwa Kijerumani changu cha kuokota.

Nilipokuwa kijana, nyanya yangu naye aligoma kula. Wakaza wana walikuwa wamempumzisha, asipike wala asifagie, akae kitandani kama bibi harusi. Siku ya nne akanong'ona, "Nataka mbuzi." Tukajua anataka sadaka, safari yake imefika. Nikaenda mbio hadi Ramisi, nikarudi na beberu, nikamwingiza mpaka chumbani.

Nyanya akainuka. "We mpumbavu, huyu ndiye atakayenikunia nazi?"

Kumbe alitaka mbuzi yake ya kukunia nazi, ile waliyomficha ili apumzike. Alipopewa akakuna nazi mbili, akawatukana wakaza wana wote, kisha akala sahani nzima.

Sasa tufanye biashara, mjukuu wangu. Mwambie msichana wako wa kazi auache mchele, bibi auchambue mwenyewe, na mkikuta mawe mtafune mnyamaze. Wiki ikipita hajakugombeza, nitapanda basi nije nimchukue, nauli juu yangu. Akikugombeza, utakaa naye mpaka Idi, na matusi yake yote ni yako.