Meno ya Mtihani

3 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Mikono bado inanuka plasta ya kazini? Sisi hapa wazima. Cherehani inazunguka, wateja wanalalamika, ndiyo uzima wenyewe.

Ila mdomo wangu umenigeuka. Fizi zinatoka damu. Juzi nimekata uzi kwa meno kwenye gauni la bibi harusi, nikaona doa jekundu kifuani. Nimelifua kwa maji baridi na chumvi. Jino moja la mbele, chini, linacheza. Upande unaotoka damu nimeacha kabisa kupiga mswaki, kama Mama alivyotufundisha: kidonda hakiguswi.

Nina miaka arobaini na sita, umri uleule aliokuwa nao Mama alipobaki kibogoyo. Basi nimekubali. Nataka yang'olewe yote, na wewe fundi wa meno ya bandia unitengenezee seti nzuri kama uliyomtengenezea yeye, Mungu amrehemu. Ila yangu yawe mepesi kidogo mdomoni.

Dada yako

20 Februari

Shikamoo Dada Sindano,

Mimi mzima. Nilicheka nilipofika kwenye cherehani na wateja katika barua yako, halafu kicheko kikaniisha.

Mbona umekubali upesi hivyo? Hujalogwa wala hujarithi laana. Daktari ninayemfanyia kazi anasema karibu nusu ya watu wa rika letu wana ugonjwa wa fizi, na wengi hawajui kwa sababu mwanzoni hauumi. Ni ukoga uliogeuka jiwe chini ya fizi. Daktari anaukwangua, nawe unapiga mswaki hapohapo panapotoka damu, taratibu, kila siku. Kuacha ndiko kunakomaliza meno. Mama alikosea.

Meno ya bandia sitakutengenezea. Niombe kingine chochote.

Mdogo wako

8 Machi

Mdogo wangu,

Salamu utazikuta mwishoni, nikipoa.

Mama ulimtengenezea kwa mbwembwe, mtaa mzima ukaonyeshwa. Mimi unaninyima? Najua mganga hajigangi, lakini hata dada yake? Haya! Tarehe thelathini nakwenda kung'olewa kwa yule mng'oa meno wa mtaa wa pili, na mafundi wa meno ya bandia wapo wengi.

Naogopa, usidhani siogopi. Nikijitazama kwenye kioo cha wateja namwona Mama, mkono mdomoni, ananitazama mimi. Nimekifunika kwa shuka. Wateja wanajipima bila kujiona.

Salamu sijazipata.

Dada yako

15 Machi

Dada,

Leo sikuulizi hali. Nakuomba tu usome hadi mwisho.

Meno ya Mama yaliyokuwa yanacheza yalikuwa manne. Daktari alitaka kumtibu fizi, miezi michache tu. Mimi ndiye niliyemwambia Mama yang'olewe yote. Nilikuwa na mtihani wa ufundi, nao ulitaka seti nzima, juu na chini, iliyovaliwa na mtu. Sikuwa na mtu. Mama aliniuliza mara moja, "Hayatapona kweli?" Nikamwambia hayatapona. Akasema, "Basi chukua, mwanangu."

Nilifaulu. Plasta yenye umbo la fizi zake bado iko kwenye rafu kazini. Wenzangu wakienda kula naigeuza itazame ukuta. Nikirudi naikuta inanitazama. Najua ni mfagiaji anayeipangusa, lakini naogopa vilevile.

Usiyang'oe, Dada. Nakupigia magoti.

Mdogo wako

12 Aprili

Dada,

Tarehe thelathini imepita. Niandikie, hata kama ni matusi. Uliyang'oa?

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Sikuyang'oa. Nilikwenda kwa daktari, amenikwangua mara tatu, nimelia kama mtoto. Jino moja limekwenda. Mengine anasema yatabaki nikiyatunza.

Sasa nawe soma hadi mwisho. Yale meno yalikuwa yakimkata Mama. Miaka tisa alikula uji na vya kupondwa. Kila ulipopiga hodi ndipo alipoyavaa, akakaa nawe mezani, akatafuna nyama na kucheka, nawe ukimsifu. Ukishaondoka anayatoa, anatema damu, mimi nimemshikia beseni. Nilimwambia tukuambie, akakataa. "Amefurahi sana," alisema, "nani atamharibia?" Akaniapisha.

Miaka yote hiyo nilidhani ulikosea vipimo tu, ufundi ulikuwa bado mchanga. Kiapo nimekivunja leo. Siwezi kukibeba peke yangu tena.

Usije kwanza. Nikiweza kukuona nitakuandikia.

Bado ni dada yako